Kabla Uvae Saa ya Kupima Pombe, Kumbuka Kipande

Wiki iliyopita beshte yangu alinitumia video ya saa moja hivi. Unaivaa mkononi, unaenda sherehe, na kila baada ya muda mfupi inaiambia simu yako una pombe kiasi gani mwilini. Hakuna kupuliza, hakuna kudungwa sindano. Inasoma ngozi tu. Chini ya video alikuwa ameandika: "Manze hii ikifika Westi, sherehe imeisha."

Nilicheka. Halafu nikairudia hiyo video mara tatu, kwa sababu nina anko anayetembea na mguu mmoja na magongo mawili, na ule mguu mwingine uliondoka kwa sababu ya nambari ambayo hakuwa nayo.

Lakini pia mimi ni msee wa historia. Chuo niliacha mwaka wa pili, historia haijaniacha. Na historia ya hii nchi inaniambia kwamba mtu akikuletea kitu cha kuvaa mwilini kinachosema habari zako, usiulize kwanza kama kinafanya kazi. Uliza nani anasoma.

Sasa kaa chini, hii ni ndefu.

Desemba 2013, Waiyaki Way

Nimezaliwa Mountain View. Ile yetu ya Waiyaki Way, ukishapita Kangemi, si ile ya California yenye Google. Desemba 2013 nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tunatoka harusi tao, usiku, ndani ya Probox ya Anko. Mbele alikaa Mathe. Mimi na binamu zangu wawili tulikuwa nyuma, tumebanana na sufuria za mapochopocho yaliyobaki.

Hiyo ndiyo Desemba Alcoblow ilirudi barabarani kwa kishindo. Kila mtu mzima alikuwa anaiongelea kama jini. Tukiwa Westlands simu ya Anko ikalia. Rafiki yake akasema kitu kimoja tu: "Wako ABC."

Anko hakusema neno. Alikata James Gichuru, tukazunguka Lavington, tukaingia Kawangware kwenye vichochoro ambavyo hata mchana ni vigumu, tukatokea Kangemi upande wa nyuma. Safari ya dakika kumi na tano ikawa karibu saa nzima. Mathe alikuwa ameshika ile kamba ya mlangoni, anaomba kimoyomoyo. Tulipofika geti Anko akacheka, akasema, "Mnaona? Niko sawa."

Sisi watoto tulipiga makofi. Kwetu alikuwa shujaa wa sinema.

Imenichukua miaka kuelewa hesabu ya usiku ule. Kile kizuizi kiliwekwa ili mtu aliyekunywa asiendeshe gari. Kilichotokea ni kwamba mtu aliyekunywa aliendesha mara nne zaidi, kwenye barabara mbaya zaidi, akiwa na watoto watatu nyuma. Anko hakuogopa kulewa. Aliogopa kusomwa.

Na ukitaka kujua kwa nini Mkenya anaogopa kusomwa kuliko anavyoogopa ajali, lazima turudi nyuma miaka mia moja.

Kitu cha kwanza kuvaliwa

Kipande tulikisoma shule ya msingi, tukakiandika kwenye mtihani, tukakisahau. Hebu tukiangalie tena kama kifaa.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, ikaanza kutumika kati ya mwisho wa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi, akitoka kwao kwenda kutafuta kazi, alilazimika kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole, kabila lake, mwajiri wake na mshahara aliolipwa. Karatasi ilikunjwa ikawekwa ndani ya kikebe cha chuma, na kikebe kikaning'inia shingoni kwa kamba. Watu walikilinganisha na kengele ya mbuzi. Ukishikwa bila hicho, ni faini au jela. Ukitaka kuacha kazi, mwajiri lazima atie sahihi kwamba amekuachilia. Akikataa, umekwama. Ukitoroka, kipande ndicho kinakutafuta.

Iangalie vizuri hiyo kitu. Inavaliwa mwilini. Imebeba data zako. Wewe ndiye unaibeba jua na mvua, lakini wengi waliokivaa hawakuweza hata kusoma kilichoandikwa ndani yake. Kilikuwa chako kukibeba tu. Kukisoma kulikuwa kwa wengine.

Halafu kuna sehemu ambayo mwalimu huipitia haraka. Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa anafanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali, alianza kuwakusanya watu Nairobi kupinga kipande, kodi ya nyumba, kupunguzwa mishahara na wanawake kulazimishwa kazi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 umati ukasimama nje ya kituo cha polisi alikofungiwa, pale karibu na ilipo Central leo. Muthoni wa Nyanjiru akawakejeli wanaume kwa woga wao, watu wakasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21. Wengine walisema ni zaidi ya hapo. Na simulizi za siku ile zinasema si polisi peke yao waliopiga. Wazungu waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk Hotel nao walipiga.

Nilipokuwa chuo nilikuwa napita hiyo Harry Thuku Road nikiwa na masikio yamezibwa na muziki. Norfolk iko pale pale. Sikuwahi kusimama.

Kipande kiliondolewa 1947, ikaletwa sheria ya kusajili watu wa rangi zote. Lakini jina halikuondoka. Shosho wangu mpaka leo akitafuta kitambulisho anauliza kibandi chake kiko wapi.

Mwaka huo huo, bia

Unajua 1922 ni mwaka wa nini kingine? Ni mwaka Kenya Breweries ilianzishwa. Ndugu wawili wa familia ya Hurst walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka uliofuata George Hurst akauawa na ndovu akiwa mawindoni, na hapo ndipo jina la Tusker lilipotoka. Watu hulisimulia hilo kwenye baa kama hadithi tamu. Sehemu isiyosimuliwa ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinywa. Bia ya chupa ilikuwa ya wazungu. Ilibidi Vita vya Pili vya Dunia viishe ndipo mlango ukaanza kufunguliwa.

Wakati huo Mwafrika wa Nairobi alikuwa na ukumbi wa pombe wa manispaa kule Pumwani. Pombe ya kienyeji, iliyopikwa chini ya usimamizi wa manispaa na kuuzwa na manispaa hiyo hiyo, na faida ikaingia kwenye mfuko wa kuhudumia mitaa ya Waafrika. Mama aliyepika yake nyumbani alikuwa mhalifu. Maana yake ni kwamba serikali ilijua unakunywa nini, wapi, saa ngapi, na ilikuwa inapata pesa kwa kila kikombe.

Uhuru ulikuja, tabia ikabaki. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake yenyewe mwaka 1980. Watu wakaendelea kuinywa gizani, na gizani hakuna mtu anayepima. Novemba 2000, pombe iliyoitwa Kumi Kumi, kwa sababu glasi iliuzwa shilingi kumi, iliua watu zaidi ya mia moja katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Ilikuwa na methanoli. Mwaka 2010 ndipo ile tunayoita Sheria ya Mututho ikahalalisha chang'aa kwa masharti na kufunga baa mpaka saa kumi na moja jioni siku za kazi.

Kwa hiyo mtu wa hapa akiona serikali inakuja na kifaa cha pombe, kichwani mwake hakuna afya. Kuna askari, faini, na mtu mwingine anayekula faida.

Nambari yenyewe ilitoka wapi

Tuhame hapa kidogo, kwa sababu ile nambari ya Alcoblow haikuzaliwa Nairobi. Na kusema ukweli, ilizaliwa kwa nia nzuri.

Zamani ulevi ulikuwa unapimwa kwa pua ya polisi. Anakunusa, anakuambia utembee kwenye mstari, anaamua. Kama hapendi sura yako, umelewa. Kama anamjua babako, uko sawa. Miaka ya 1920 mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, akaonyesha kwamba matone machache ya damu yanatosha kujua kiasi cha pombe, na kwamba ukijua uzito wa mtu na alichokunywa unaweza kukadiria. Norway ikawa nchi ya kwanza kuweka kiwango hicho kwenye sheria ya barabara, mwaka 1936.

Damu ni usumbufu, kwa hiyo watu wakageukia pumzi. Pombe iliyo kwenye damu inapopita mapafuni, kiasi kidogo kinatoka na hewa. Marekani, Rolla Harger wa Chuo Kikuu cha Indiana alitengeneza mashine ya kwanza iliyotumiwa sana na polisi miaka ya 1930: unapuliza puto, hewa inapita kwenye kemikali, kemikali inabadilika rangi. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi wa jimbo hilo hilo, akatoa mashine ndogo na rahisi zaidi. Uingereza ilianza kupima barabarani Oktoba 1967, na kikomo kikawa miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu.

Shika hiyo 80, tutairudia.

Ninachotaka uone ni kwamba nambari ilikuja kumlinda mtu dhidi ya pua ya polisi. Aliyekunywa kidogo alikuwa na ushahidi. Na kwa sababu pumzi inatoka mapafuni, zile mbinu zote za njugu, PK na makaa hazisaidii. Unabadilisha harufu ya mdomo, damu haijui.

Alcoblow na mahakama

Kenya iliandika kanuni zake za kupima pumzi mwaka 2011. Mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Ile ile 80 ya Uingereza ya 1967. Uskoti wenyewe waliishusha hadi 50 mwaka 2014, sisi tukaendelea kuishikilia kama urithi wa babu.

Desemba 2013 ndipo NTSA na polisi wakaanza kupima kwa nguvu, ule usiku wa Probox. Kama ulikuwa mkubwa wakati huo unakumbuka. Watu wakaanza kutumiana ujumbe: wako Thika Road, wako Lang'ata, wako ABC. Wengine walianza kuacha magari kwa baa na kupanda teksi, na hilo lazima tulikubali, lilikuwa jema. Wenye baa wakalia biashara imekufa. Kesi ikaenda mahakamani.

Kesi hiyo inaitwa Richard Dickson Ogendo na wenzake wawili dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliikataa. Wakakata rufaa, na mapema 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao. Watu wengi walisikia tu "Alcoblow imepigwa marufuku" wakanunua raundi nyingine. Lakini sababu ndiyo tamu.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 44, inasema kosa ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi kwamba huwezi kulidhibiti gari vizuri. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela isiyozidi miaka miwili, au zote mbili. Kanuni za 2011 zikaja na kitu kingine: kuvuka nambari peke yake ni kosa, iwe ulikuwa umelishika gari au la. Kanuni huandikwa na waziri. Sheria hupitishwa na Bunge. Mahakama ikasema kanuni haiwezi kukimbia mbele ya sheria iliyoizaa.

Hakuna mahali ilisema kupima ni vibaya. Ilikataa njia ya mkato. Kama mnataka nambari imfunge mtu jela, pelekeni Bungeni, ijadiliwe mchana, watu waone.

Hiyo hukumu mimi naipenda. Legco ya 1915 iliyopitisha kipande haikuwa na Mwafrika hata mmoja. Miaka mia moja baadaye, mwananchi anaweza kuiambia serikali, "Hamjafuata utaratibu," na ikabidi isikilize. Harry Thuku hakupata hiyo nafasi. Alipata Kismayu.

Kifaa chenyewe hakikufa. Miaka ya karibuni kimerudi barabarani, na mjadala wa sheria umerudi nacho.

Lakini 2017 hiyo hiyo, Novemba, Anko alitoka ruracio Kikuyu. Alikuwa amekunywa mchana, akalala masaa mawili kwa sofa ya watu, akaamka, akanawa uso, akanywa chai kali. Akamwambia kila mtu yuko sawa. Karibu na Kangemi Probox ilipanda ukingo wa barabara. Kijana wa boda aliyekuwa ameegesha hapo akisubiri mteja alivunjika mkono. Anko alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti.

Kwa hiyo mwaka mmoja, nyumba moja. Mahakama ilikuwa na haki, na Anko bado alikuwa amelewa. Vyote viwili ni kweli na nimechoka kusikia watu wakichagua kimoja.

Kutoka pumzi hadi ngozi

Sasa turudi kwa saa ya beshte yangu.

Ukinywa, sehemu kubwa ya pombe inashughulikiwa na ini. Kiasi kidogo sana, takriban asilimia 1, kinatoka kupitia ngozi, na jasho na bila jasho. Kifaa kikikaa juu ya ngozi kinaweza kukamata huo mvuke. Ndani kuna kihisi chenye chuma kama platinamu. Mvuke wa pombe ukigusa hapo unazalisha umeme kidogo, na umeme ndio unaogeuzwa kuwa nambari.

Teknolojia hii haikuanza kama saa ya sherehe. Ilianza kama bangili ya mahakama. Marekani, tangu 2003, kuna kifaa kinaitwa SCRAM, kinafungwa kwenye kifundo cha mguu cha mtu aliyepatikana na makosa ya ulevi na kuagizwa na korti asinywe. Kinapima kila nusu saa, usiku na mchana, na kutuma majibu kwa wasimamizi. Lindsay Lohan alikivaa mpaka kikawa gumzo la magazeti. London walianza kukijaribu 2014, Wales wakaanza 2020, England nzima 2021, hadi siku 120 kwa mtu. Serikali yao inasema waliofungwa walikaa bila pombe zaidi ya asilimia 97 ya siku walizokivaa. Hiyo si kazi ndogo. Kuna watoto walilala usingizi mzuri kwa sababu baba alikuwa na hiyo kitu mguuni.

Mwaka 2016 ndio mambo yakahama kutoka mguuni hadi mkononi. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa pombe iliandaa shindano la kifaa cha kuvaa, na kampuni ya BACtrack ya San Francisco ikashinda dola 200,000 kwa bangili iliyoitwa Skyn. Hapo wazo likabadilika: si mfungwa tu, hata wewe unaweza kuvaa kwa hiari.

Kuna vitu viwili wanaouza hawatakuambia kwa sauti. Kwanza, ngozi inachelewa. Pombe inaweza kuchukua nusu saa hadi masaa mawili kuonekana kwenye ngozi baada ya kuwa kwenye damu. Ukiinua saa pale mlangoni pa klabu ikakuambia uko chini, pengine inakupa habari za saa iliyopita wakati damu yako bado inapanda. Pili, inaweza kudanganywa na pombe ya nje. Marashi. Sanitaiza. Unakumbuka 2020, konda anakumwagia mkononi kabla hujaweka mguu ndani ya mathree? Saa yako ingesema umelewa saa moja asubuhi.

Na kuna la tatu, la kwetu. Kifaa kinaweza kukuambia umekunywa kiasi gani. Hakikuambii umekunywa nini. Wale wa Kumi Kumi hawakufa kwa kuvuka kikomo cha 80. Februari 2024 kule Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe ya sumu. Hakuna saa ingewaokoa. Hapo ni kazi ya mtu wa serikali kukagua, na hatuwezi kuihamishia mikononi mwetu kama bangili.

Nani anasoma?

Tusijifanye hatujui tulivyo. Mwaka 2023 vijana walipiga foleni KICC wapigwe picha ya jicho na Worldcoin kwa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya shilingi elfu kadhaa. Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Siwacheki waliopiga foleni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa viatu kwenda, beste akanipigia akasema foleni imefika barabarani, nikarudi kitandani. Uvivu ndio uliokomboa macho yangu, si akili.

Kwa hiyo najua saa hii ikija na ofa, tutavaa. Kampuni ya bima itasema ukivaa unalipa kidogo. Programu ya teksi itasema dereva asiyevaa hapati wateja. Sacco itasema. Mwajiri atasema ni kwa usalama wako. Mzazi anayekulipia karo atasema. Kila mmoja atakuwa na sababu nzuri, na ukiziunganisha zote unapata kikebe shingoni.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na habari za afya ziko kwenye kundi linalohitaji ulinzi zaidi. Hiyo ni silaha ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Lakini silaha isiyojulikana na mwenyewe ni chuma tu. Ukiletewa hiyo saa, uliza: nambari inaonekana kwanza kwa simu yangu au kwa simu ya mtu mwingine? Nikiivua, napoteza kazi? Nikiacha, nani anafuta, na nitajuaje amefuta?

Lakini sitakuwa mnafiki. Nikipanda mathree ya saa nne usiku kwenda Kinoo, mimi ndiye wa kwanza kutaka dereva awe amepimwa. Yeye amebeba watu kumi na wanne, si mambo yake peke yake. Yule kijana wa boda hakuwa ameulizwa na Anko kama yuko tayari kupoteza mkono. Kwa hiyo ndiyo, kuna watu ambao nambari yao ni yetu sote, wakiwa kazini. Basi iandikwe kwenye sheria, Bungeni, iseme ni nani, saa ngapi, inasomwa na nani na inafutwa lini, na dereva awe na nafasi ya kuipinga. Mahakama ilishatuonyesha mlango wa kupitia.

Kwa sisi wengine, wa sherehe, nataka kitu rahisi zaidi. Nataka nambari iwe yangu. Nione mimi, niaibike mimi, nipige simu ya teksi mimi.

Jumapili nilimwonyesha Anko ile video. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, magongo yameegemea ukuta. Aliitazama yote bila kusema kitu. Nikamuuliza, "Ungekuwa nayo siku ile, ungeiangalia?"

Akafikiria. "Kama ingekuwa ya polisi, ningeivua niiache kwa sofa," akasema. "Kama ingekuwa yangu..." Akanyamaza kidogo. "Ningeiangalia. Kuitii sasa, hiyo sijui."

Halafu akaniuliza inauzwa pesa ngapi.